Mustang si Tuktuk: Miezi Minane ya Kujifunza Kurusha P-51 Nikiwa Kisauni

Niseme ukweli mapema mtu asije akadhani naandika kama bingwa. Miezi mitatu ya kwanza kwenye simuleta, yaani mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege, sikuangusha ndege ya adui hata moja, niliangusha yangu. Niliiangusha nikiruka, nikitua, nikipinda kona, na siku moja niliiharibu ikiwa bado imesimama pale inapoegeshwa, manake nilishika breki nikasukuma mafuta yote nisikie injini inavyonguruma, mkia ukanyanyuka wenyewe, pua ikainama na propela ikachimba lami. Kila nikiuliza watu naambiwa "we fanya mazoezi tu", na mimi nafanya mazoezi ya kukosea kila usiku mpaka makosa yenyewe nikayazoea. Kwa hivyo haya naandika kwa yule mtu aliye pale nilipokuwa mimi, ana kompyuta ya kubahatisha na jostiki ya mtumba na ameipenda P-51D Mustang, ile ndege ya kivita ya Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu ameisoma ni ya kasi.

Mimi natengeneza simu, kibanda changu kiko mjini nyuma ya Marikiti, nakaa Kisauni. Ugonjwa wa ndege za vita nimeurithi kwa marehemu babu. Alikuwa akibeba mizigo bandarini Kilindini ujanani, na kila mara alikuwa na hadithi ya mwaka 1942 vile manowari za Waingereza zilihamia huku baada ya Wajapani kupiga Ceylon, Sri Lanka ya leo, bandari ikajaa, na ndege za jeshi la majini zikawa zatua Port Reitz, hapo hapo ambapo leo ni uwanja wa ndege wa Moi. Hazikuwa Mustang, lakini mtoto wa miaka saba hakuulizi ni ndege gani, anasikia ndege basi.

Tuanze na hela, hapo ndipo nilianza kukosea.

Simuleta ninayotumia ni DCS World. Kuishusha ni bure, na ndani yake unapewa TF-51D bure kabisa, ambayo ni Mustang ya mafunzo ya viti viwili, tofauti kubwa ni kwamba haina bunduki. Mimi nilipoona haina bunduki nikaidharau, nikaenda moja kwa moja kununua P-51D yenye bunduki zake sita, kwa kadi ya rafiki, na dola ukizigeuza shilingi unajua zinavyouma. Kumbe yale niliyokuwa sijui hayakuhitaji bunduki. Kuwasha injini, kuruka, kupanda bila kuichoma, kutua, yote hayo ningejifunza bure mwezi mzima kwa ile TF. Ukitaka ushauri mmoja tu wa pesa ndio huo, anza na ya bure mpaka utue mara kumi mfululizo bila kuvunja kitu, halafu ndio utoe hela.

Kompyuta yangu ilikuwa ya ofisi fulani iliyofungwa, RAM 8, nikaongeza ikawa 16 na nikatia SSD, bila hizo mbili usijisumbue. Kuishusha nilianza na bando za simu, ujinga mtupu, bando la wiki liliisha kabla ya chakula cha mchana, ikabidi niende kwa shemeji mwenye waifai nikalala kwake siku mbili. Halafu kuna joto letu. Mwezi wa pili na wa tatu huku, ile kaskazi ikitulia hewa haiendi popote, kompyuta ilikuwa yazima katikati ya mapigano nikadhani ni programu. Nilipofungua nikakuta feni imejaa vumbi limegandana na chumvi ya bahari kama saruji. Sasa hivi kifuniko cha ubavuni sifungi, feni ya nyumba inaelekezwa kwenye kompyuta na mimi nakaa na jasho langu. Na UPS ndogo ni lazima, hata ile ya kushika dakika tano, stima ikipotea ukiwa unaandika barua utaandika tena, ikipotea ukiwa umemkamata mtu nyuma yake baada ya dakika arubaini utalia.

Jostiki ndio ilinitia aibu ya kikazi. Nilinunua ya mtumba, shilingi elfu tatu na mia tano, na wiki tatu nzima nikawa nalaumu ndege. Nikiruka sawasawa pua inarukaruka yenyewe, kushoto kidogo, juu kidogo, nikasema ndio Mustang ilivyo, farasi mwitu. Siku moja mama watoto akaniuliza, "Si wewe ni fundi? Mbona hukifungui hicho kidude?" Nikafungua. Ile potenshiometa ya ndani, kidude kile kile kinachoharibika kwenye redio za zamani sauti ikawa yakwaruza, ilikuwa imechakaa na kuingia uchafu. Nikapiga dawa ya kusafishia, nikaizungusha mara hamsini, ndege ikanyooka. Wiki tatu! Basi kabla hujajilaumu na kabla hujailaumu ndege, nenda kwenye ukurasa wa vidhibiti uangalie ile alama ikiwa jostiki umeiachilia, ikitikisika yenyewe ujue tatizo liko mezani, haliko angani. Na ule mstari wa hisia, yaani kaavu, uulegeze kati kati ili ukisogeza kidogo ndege isogee kidogo, Mustang ni nyepesi sana mkononi hasa kwa kuvuta pua.

Sasa kuruka. Hapa nakaa kidogo kwa sababu wengi huacha hapa.

Injini ya Mustang ni Merlin, ya Rolls-Royce iliyotengenezwa Marekani na Packard, na inazungusha propela kubwa ya mapanga manne, ukikaa kitini inazunguka kulia. Upepo wa propela unazunguka ukiuzingira mwili wa ndege mpaka unapiga ule mkia uliosimama kutoka kushoto, mkia unasukumwa kulia, pua inakimbilia kushoto. Mimi sikujua. Nilikuwa nasukuma throto, ule mkono wa mafuta, yote kwa mpigo kama mtu anayewahi feri ya Likoni mlango ukifungwa, na ndege inatoka kwenye barabara inaingia nyasini kushoto kila siku, mahali pale pale, nikaanza kuyajua mawe yake.

Iko hivi. Kabla ya kuruka weka trimu ya usukani wa mkia, ile ya kuushikilia upande mmoja kidogo, digrii 6 kulia. Ukishaingia barabarani tembea mita chache mbele unyooke ndio gurudumu la nyuma nalo linyooke. Halafu vuta stiki nyuma uishikilie, kwenye Mustang stiki ikiwa nyuma gurudumu la nyuma linafungwa na kufuata kidogo tu pedali za miguu zinazogeuza usukani wa mkia, ukiisukuma mbele linaachiliwa linazunguka ovyo kama la mkokoteni. Mimi nilikuwa nasukuma mbele mapema ili mkia uinuke haraka kama nilivyoona kwenye video, kumbe najifungulia mwenyewe gurudumu kabla usukani haujapata upepo wa kutosha. Mafuta sukuma polepole, hesabu moja mpaka nane kimoyomoyo, mguu wa kulia ukifuatisha, mpaka mshale wa presha ya manifoldi, yaani ya hewa inayoingia kwenye injini, ufike inchi 61 na injini mizunguko 3,000 kwa dakika. Usiulazimishe mkia, ukiwa tayari utapanda wenyewe. Ukishapaa kunja magurudumu na anza kupunguza.

Na kupunguza kuna mpangilio wake, hapo niliunguza injini sijui ngapi. Ukiongeza nguvu, kwanza ongeza mizunguko kisha presha. Ukipunguza, kwanza presha kisha mizunguko. Ukigeuza, unakuwa umeishindilia injini pumzi nyingi huku inazunguka taratibu, ni kama kupanda Mazeras na lori limejaa ukiwa gia ya nne unakanyaga tu, itagonga gonga mwisho ivunjike. Safari ndefu weka inchi 46 na mizunguko 2,700, hapo itaenda mpaka mafuta yaishe. Ile inchi 67 ya dharura ipo kweli, lakini ni ya dakika tano. Mimi nilikuwa naiweka tangu kuruka mpaka kufa, na nilikuwa nakufa mapema basi sikuwahi kuona madhara yake, siku nilipoanza kuishi zaidi ya dakika tano ndio injini ikaanza kunifia. Hayo nayo ni maendeleo.

Kosa lingine la kijinga ni mafuta. Nilikuwa najaza tangi pomoni, mawazo ya mtu anayekwenda Nairobi usiku. Mustang ina matangi mawili ya mabawani, galoni 92 kila moja, na tangi la tatu la galoni 85 limewekwa nyuma ya kiti cha rubani. Lile la nyuma waliliongeza ili ndege iweze kusindikiza ndege za kuangusha mabomu kutoka Uingereza mpaka Berlin na kurudi, na kuanzia Machi 1944 zilifika kweli. Lakini likijaa uzito unahamia nyuma, ndege inakuwa haitulii, unavuta stiki kidogo yenyewe inataka kumalizia kuvuta, unajikuta umegeuka kichwa chini. Marubani wenyewe walikuwa wanaamrishwa walitumie kwanza hilo kabla ya mapigano. Wewe kwenye simuleta husindikizi mtu Berlin. Matangi ya mabawa peke yake ni galoni 184 kati ya 269, yaani kama asilimia 68, weka hapo au chini ya hapo. Siku niliyopunguza mafuta nilidhani wameibadilisha ndege.

Haya, tuje kwenye mapigano.

Nilipoichagua Mustang nilisoma maili 437 kwa saa, nikafunga kitabu. Sikusoma mstari wote, mstari ulisema kwenye futi 25,000. Zile Mustang za mwanzo zilikuwa na injini ya Allison na juu ya futi 15,000 zilikuwa zinaishiwa pumzi, ni Merlin yenye supachaja ya hatua mbili, ile pampu ya kushindilia hewa kwenye injini, ndio iliyoibadilisha kuanzia majaribio ya 1942, sasa kasi yake iko huko juu ambako hewa ni nyembamba na injini za wengine zinakohoa. Mimi nilikuwa napigania wapi? Futi 3,000, juu ya miti. Huko chini Bf 109 K-4, ndege ya kivita ya Wajerumani, haina wivu na wewe hata kidogo, na kwa kupanda inakuacha umesimama.

Na nilikuwa napigana vipi? Kama dereva wa tuktuk pale Mwembe Tayari. Nikimuona mtu tu napinda. Yeye anapinda, mimi napinda zaidi, yeye anakaza, mimi navuta stiki mpaka tumboni, na hapo Mustang ina tabia moja mbaya, haikuonyi vya kutosha, bawa moja linaacha kushika hewa ghafla na ndege inajipindua kama samaki aliyeguswa. Ukiwa futi 3,000 huna nafasi ya kuitengeneza. Nilikufa hivyo mara nyingi mno, na kila mara nilijiambia kesho nitavuta vizuri zaidi.

Aliyenitoa huko ni jamaa mmoja wa Tanga niliyekutana naye kwenye seva, pale watu wanapopigana pamoja mtandaoni, mtu mzima, namwita kaka, hajawahi kunionyesha sura. Siku ya kwanza alinifuata nyuma dakika ishirini bila kusema kitu akinitazama nikifa mara tatu. Halafu akafungua maiki.

"Mdogo wangu, unafanya biashara gani?"

"Natengeneza simu kaka."

"Basi sikiliza. Kimo ni pesa iliyo benki, kasi ni pesa iliyo mfukoni. Unaweza kutoa benki ukaweka mfukoni, ukarudisha. Wewe kila ukikutana na mtu unatoa zote, za benki na za mfukoni, unamnunulia soda, halafu unashangaa huna nauli ya kurudi."

Nilicheka, lakini nilipoenda kulala nikachukua kalamu nikapiga hesabu, manake fizikia ya sekondari bado ninayo kidogo. Ukisahau upinzani wa hewa, ndege iliyo na maili 400 kwa saa ikielekeza pua juu inaweza kuigeuza ile kasi kuwa kimo cha futi 5,300 hivi. Yenye maili 200 unadhani nusu yake? Ni futi 1,300 tu, robo. Kasi ikipungua nusu utajiri unapungua mara nne. Na kupinda sana ndiko kunakula kasi kuliko kitu chochote. Nikakumbuka kona zangu zote nikahisi kama mtu aliyegundua alikuwa akitupa noti baharini.

Kwa hivyo akanifundisha upya, na sheria zake zilikuwa za ajabu. Wiki mbili nisipige risasi. Kazi yangu ilikuwa kupanda mpaka futi 18,000 mbali na vita, dakika kumi na tano za kuchosha sana nikila mihogo na kuangalia mshale, halafu nitafute mtu aliye chini yangu futi 4,000 au 5,000, nipige mbizi, nipite karibu naye nyuma, nipande tena, niende. Basi. Asinione, na akiniona nisirudi.

Pale soko la samaki la Mji wa Kale kuna mwewe, ukikaa jioni utawaona. Mwewe hashindani na mtu. Anashuka, ananyakua utumbo, hata kama amekosa anaendelea na safari yake juu, hageuki kugombana na paka. Mimi nilikuwa mwewe anayetua chini kugombana na paka.

Kwenye mbizi nako nilikosea kwanza, sikuwa na kiasi. Nilielekeza pua chini wima kutoka futi 20,000 na mafuta yote. Kikomo cha Mustang chini ya futi 9,000 ni maili 505 kwenye mshale, na kabla hata ya hapo stiki ilianza kutetemeka na ndege ikawa yanesanesa yenyewe. Nikaogopa nikavuta kwa nguvu. Mabawa yote mawili yalibaki nyuma. Kaka akasema tu, "Umeziona gharama?" Sasa nashuka kwa mlalo, kama digrii thelathini, mafuta nimepunguza kidogo, na kuvuta naanza mapema na polepole, macho yakianza kuingia kiza nalegeza.

Lakini sehemu ngumu kuliko zote, na sikuona mtu akiieleza vizuri, ni ile ya baada ya kupita. Umeshapita, umekosa, unaangalia nyuma unamuona pale, mdogo, ubavu wazi, na mwili wako wote unasema geuka sasa hivi. Usigeuke. Ukigeuka na maili 400 unachora duara kubwa na kumaliza kasi yako yote, yeye anajigeuza mahali pake tu, mnakutana ana kwa ana wewe ukiwa maskini. Kaka alinifanya nihesabu mpaka ishirini kwa sauti, pua imeinuliwa kidogo tu, mabawa sawa, ndio nianze kugeuka, na nigeuke kwa kupanda. Ishirini ni nyingi wallahi. Mara ya kwanza nilifika kumi na moja. Mama watoto alikuwa macho akaja mlangoni, "Wewe wahesabu nini saa saba za usiku?" Nikamwambia nahesabu mpaka ishirini. Akaniangalia, akarudi kulala.

Na kasi yenyewe inakulinda kwa njia ambayo sikuitarajia. Bf 109 ikikimbia sana stiki yake ya kuvuta pua inakuwa nzito kama imefungwa kamba, Mustang bado inakusikiliza. Ukiwa juu ya maili 350 unaweza kubadilisha mwelekeo kidogo yeye asiweze kukufuata, hata kama kwa maili 200 angekuzunguka mara mbili. Flapu, yale mabamba ya nyuma ya mabawa, ile ya digrii 10 nayo unaruhusiwa kuishusha hata kwenye maili 400, wengi hawajui, inasaidia kukaza kidogo mwisho wa shambulio, lakini ukiisahau chini ukiwa unakimbia ni breki, niliisahau mara mbili nikashangaa mbona leo nakamatwa.

Fw 190 D-9, nayo ya Wajerumani, ni habari nyingine, hiyo inabingirika haraka sana na kwa mbizi haiachwi kirahisi. Kwake mimi mpaka leo nikiwa sina kimo siingii.

Risasi zikaruhusiwa wiki ya tatu. Bunduki ni sita, Browning za nusu inchi, mbili za ndani zina risasi 400 kila moja na nne zilizobaki 270 kila moja, jumla 1,880. Inasikika nyingi. Ni kama sekunde ishirini hivi ukibonyeza bila kuachia, kisha zinabaki mbili za ndani kwa muda mfupi nazo zinaisha. Mimi nilikuwa nazimaliza zote kwenye shambulio moja nikianzia mita 800. Bunduki ziko mabawani, zimeelekezwa zikutane mbele mahali pamoja, mbali kuliko hapo risasi zinapishana na kutawanyika, unamnyunyizia mtu maji. Subiri mpaka mabawa yake yajaze kioo cha shabaha, mita 250 au chini, gusa sekunde moja, acha. Na hakikisha ile kijipira ya kwenye kipima kuteleza iko katikati, ndege ikiwa inakwenda upande upande risasi nazo zinakwenda upande, nilikuwa napima vizuri kabisa na zinapita kulia kwake kila siku sijui kwa nini.

Vitu viwili vya bure vilinisaidia kuliko hela zote nilizotoa. Kimoja ni programu ya opentrack na kamera ya mtandao ya kawaida, ukigeuza kichwa kidogo rubani naye anageuza kichwa, ghafla unaweza kuona nyuma, na nusu ya vifo vyangu nilikuwa sijui hata nani ameniua. Cha pili ni programu ya Tacview, inachora safari yako yote baada ya kutua. Hapo hakuna uongo. Mimi nilikuwa naapa kwamba nilihesabu ishirini, naangalia rekodi ni sekunde tisa.

Kutua sitakaa sana. Magurudumu chini ya maili 170, flapu zote chini ya 165, ingia kwenye barabara ukiwa kama 120, na usikate mafuta yote mapema kwa sababu inashuka kama tofali. Ikigusa ikadunda usisukume pua chini, shikilia, au ongeza mafuta polepole uzunguke tena, polepole nasema, ukiyasukuma ghafla ukiwa huna kasi ile nguvu ya propela inakupindua kushoto mgongo chini. Nimeshapinduliwa.

Ile ndege ya kwanza niliangusha mwezi wa tano, siku ya Ijumaa. Nilikuwa futi 19,000, kaka hayupo, alikuwa na msiba. Nikaona 109 mbili zinapanda kumfuata mtu, nikashuka nyuma ya ile ya mwisho na jua likiwa mgongoni kwangu. Sikuvuta, sikupinda. Akaendelea kuwa mkubwa kwenye kioo mpaka nikaona mistari ya mabawa, nikagusa, vipande vikatoka, moshi mweupe, mimi nikapita. Nikaanza kuhesabu. Yule wa pili alinigeukia na nilimuona vizuri kabisa, alikuwa hana kasi, nafasi tamu mno, nikawa nahesabu kumi na mbili, kumi na tatu, mkono unaniwasha, kumi na saba. Nilipogeuka alikuwa ameshapiga mbizi kwenda kwao. Nikamwacha. Nikarudi na zaidi ya nusu ya risasi zangu, nikatua, ikadunda mara moja, nikazima injini kwa utaratibu, presha kwanza.

Rekodi ilionyesha sekunde kumi na sita. Nilimtumia kaka, akajibu kesho yake jioni: "Bado nne."

Sasa ninachohangaika nacho ni kupiga mtu anayekatiza mbele yangu, hapo bado ni aibu tupu, na pedali. Usukani wa mkia naufanya kwa kuzungusha jostiki na kidole gumba kimeota sugu. Pedali za dukani bei yake siiwezi, kwa hivyo kuna fundi milango wa Majengo ananichongea mbao mbili na ekseli, springi nimetoa kwenye mlango wa friji bovu, na potenshiometa ninazo droo nzima, safi, nimezijaribu zote kabla. Zikikubali nitaweka vipimo vyake hapa.